Kamera Mbili Kabatini: Canon EOS 300D na Nikon D70, 2003–2006

Katika kabati la studio ya mjomba wangu, hapa Kampala, kuna kamera mbili ambazo hazijapiga picha ya kulipwa kwa miaka mingi. Moja ni ya rangi ya fedha, ya plastiki, nyepesi mkononi: Canon EOS 300D. Nyingine ni nyeusi na nene zaidi: Nikon D70. Ya kwanza ni ya mjomba mwenyewe. Ya pili aliiacha mwenzake wa biashara walipogawana vifaa. Wawili hao walibishana juu ya kamera hizo miaka yote waliyofanya kazi pamoja, na mpaka leo ukimtajia mjomba neno Nikon anaanza kupanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Tulipotakiwa kuchagua kifaa kimoja na kuandika historia yake, mimi nilichagua viwili, kwa sababu nilitaka kujua ni nani kati ya wazee hao alikuwa sahihi.

Wanaoandika historia ya kamera za dijitali hupenda tarehe moja: 20 Agosti 2003. Siku hiyo Canon ilitangaza 300D, kamera ya kwanza ya dijitali ya aina hii kuuzwa chini ya dola 1,000 za Marekani. Bodi peke yake ilikuwa dola 899, na pamoja na lenzi dola 999. Miezi mitano baadaye, tarehe 28 Januari 2004, Nikon ikatangaza D70 kwa dola 999 bila lenzi, na 1,299 pamoja na lenzi. Kwa maelezo ya kawaida, Canon ilifungua mlango na Nikon ikaingia nyuma yake. Tarehe hizo sizipingi. Lakini nikiwa na kamera zote mbili mezani, pamoja na vitabu vyake vya maelekezo, naona kwamba kushusha bei ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuamua mnunuzi wa bei ya chini anyimwe nini. Hapo kampuni hizo mbili zilitoa majibu tofauti, kisha kila moja ikaishia kuiga jibu la mwenzake.

Kwa msomaji asiyezizoea, kamera ya aina hii ina kioo ndani. Mwanga hupita kwenye lenzi, hugonga kioo, hupandishwa mpaka kwenye kidirisha cha kutazamia, na mpiga picha huona kile kile ambacho lenzi inaona. Akibonyeza kitufe, kioo hunyanyuka, shata hufunguka, na mwanga hufika nyuma, mahali palipokuwa na filamu zamani na ambapo sasa pana kihisi. Lenzi hutoka na kubadilishwa. Kwa anayeishi kwa kazi ya picha, hilo la mwisho ndilo kubwa: unanunua bodi leo, lenzi ya pili mwakani, ya tatu ukipata harusi tatu kwa mwezi mmoja. Lenzi ni akiba. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa ugomvi wa mjomba na mwenzake ulikuwa hasa juu ya akiba.

Mwanzoni kamera za namna hii za dijitali hazikuwa za watu binafsi. Mwaka 1991 Kodak ilichukua bodi ya Nikon F3, ikaifunga kihisi cha pikseli milioni 1.3, ikaiunganisha kwa waya na sanduku la kuhifadhia picha ambalo mpiga picha alilibeba begani. Bei yake ilikuwa dola 20,000 au zaidi, na wanunuzi walikuwa mashirika ya habari na ofisi kubwa. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilishusha bei hadi dola elfu tano na kitu. Canon D30 ya mwaka 2000 ilifika dola 3,000 hivi, Nikon D100 ya 2002 dola 1,999, na Canon 10D, iliyotangazwa mapema mwaka 2003, dola 1,499.

Kilichokuwa ghali zaidi ni kihisi. Vihisi hukatwa kutoka kwenye kisahani cha silikoni. Kihisi kikiwa kikubwa, unapata vichache kwenye kisahani kimoja, na doa moja dogo linaharibu kipande kizima. Ndiyo maana kampuni zote mbili hazikuthubutu kuweka kwenye kamera ya bei ya chini kihisi cha ukubwa wa filamu, yaani milimita 36 kwa 24. Cha 300D ni milimita 22.7 kwa 15.1, chenye pikseli milioni 6.3. Cha D70 ni 23.7 kwa 15.6, chenye pikseli milioni 6.1. Canon ilitengeneza chake yenyewe, wa aina ya CMOS. Nikon ilinunua CCD kutoka Sony. Kwa macho ya mteja anayesubiri picha ya ukubwa wa daftari, hakuna tofauti kubwa, na sitapoteza muda hapo.

Udogo wa kihisi ulileta tatizo moja ambalo Canon ililitatua vizuri. Kihisi kidogo hukata pembeni mwa picha, kwa hiyo lenzi ya milimita 28, iliyoonyesha upana wa kutosha kwenye filamu, huonyesha kama ya milimita 45. Katika chumba chenye shangazi kumi na keki, mpiga picha anarudi nyuma mpaka anagonga ukuta. Canon ikabuni pamoja na 300D aina mpya ya lenzi, EF-S, ambayo kipande chake cha nyuma huingia ndani zaidi kwa kuwa kioo cha kamera ni kidogo. Kwa njia hiyo ikaweza kutoa lenzi ya milimita 18 hadi 55 kwa nyongeza ya dola 100 tu. Plastiki nyingi, ndiyo, lakini dola 100. Nikon nayo iliiuza D70 na lenzi ya milimita 18 hadi 70, nzuri zaidi na ndefu zaidi, kwa nyongeza ya dola 300. Mjomba huwa anaanzia hapa anapojitetea, na nadhani ana haki ya kuanzia hapa.

Sasa nije kwenye kunyimwa. 300D ilijengwa juu ya 10D: kihisi cha ukubwa ule ule, pikseli zile zile, fokasi ya alama saba. Ukitazama picha za kamera hizo mbili huwezi kusema hii ni ya dola 1,499 na hii ya 899. Basi kwa nini mtu aendelee kununua 10D? Canon ilihitaji sababu, na sababu hiyo iliitafuta kwa kuondoa. Bodi ya madini ilibadilishwa kuwa plastiki, jambo la kueleweka kabisa. Idadi ya picha za mfululizo ilishushwa hadi nne, halafu kamera inakuomba usubiri. Lakini pia yaliondolewa mambo ambayo hayagharimu plastiki wala chuma. Mpiga picha hakuweza kuchagua mwenyewe namna ya kupima mwanga. Hakuweza kuchagua namna fokasi inavyofuata kitu kinachotembea, isipokuwa akiweka kamera kwenye hali ya michezo, ambako kamera inamwamulia karibu kila kitu. Ukurasa wa kurekebisha kamera kwa matakwa ya mwenyewe haukuwepo kwenye menyu. Na hakuweza kuongeza au kupunguza nguvu ya flashi.

Haya si mambo ya anasa. Mpiga picha wa harusi anapiga bibi harusi aliyevaa gauni jeupe kando ya bwana harusi mwenye suti nyeusi, ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu. Asipoweza kuipunguza flashi, nyuso zinang'aa. Mjomba alitumia dawa ya kienyeji, kitambaa cheupe kilichokunjwa mara mbili na kufungwa juu ya flashi kwa raba. Mwenzake, aliyekuwa na D70, alibonyeza kitufe na kuzungusha gurudumu. Nimeambiwa na watu wa nyumbani kwamba kile kitambaa kilikuwa mzaha wa studio nzima. Mwenzake alikuwa akimkumbusha asisahau leso.

Kwamba mambo hayo yalifichwa kwa makusudi si dhana yangu. Haukupita muda mrefu baada ya 300D kuingia sokoni, ikaanza kusambazwa kwenye intaneti programu ya ndani iliyorekebishwa na watu wasio wa Canon. Ukiipakia kwenye kamera, bila kugusa skrubu hata moja, unapata marekebisho ya flashi, ISO 3200 badala ya kikomo cha 1600, uwezo wa kunyanyua kioo kabla ya picha, na ukurasa wa chaguo uliofanana na wa 10D. Maana yake ni kwamba kamera ilikuwa na uwezo huo tangu ilipotoka kiwandani, na programu ndiyo iliyoufunga mlango. Kwa mwanafunzi wa historia huu ni ushahidi mzuri kuliko tangazo lolote la kampuni, kwa sababu tangazo linaeleza bidhaa ina nini, nalo badiliko hili linaonyesha kilichozuiwa.

D70 ilichukua njia nyingine. Nayo ilikuwa na plastiki nyingi, na kidirisha chake cha kutazamia hakikuwa kipana kuliko cha mshindani wake. Kwa kweli kilikuwa kidogo zaidi. Lakini Nikon iliacha ndani karibu kila kitu ambacho mpiga picha wa kazi angekitafuta: namna tatu za kupima mwanga, chaguo la fokasi, marekebisho ya flashi, magurudumu mawili ya kuzungusha badala ya moja, ukurasa mrefu wa matakwa ya mwenyewe. Flashi yake ndogo ya juu iliweza hata kuamrisha flashi za pembeni bila waya. Kuwaka kwake ni mara moja, wakati 300D inachukua kama sekunde tatu. Sekunde tatu ni kidogo ukizisoma hapa. Zihesabu huku pete ikivishwa.

Na katika picha za mfululizo D70 haikukwama kwenye nne. Kama kadi ilikuwa ya kasi na picha zilikuwa za JPEG, iliendelea kupiga picha tatu kwa sekunde kwa muda mrefu. Ajabu ni kwamba kwa namna kadhaa ilikuwa bora kuliko D100, ndugu yake mkubwa wa dola 1,999. Nikon iliikata miguu bidhaa yake yenyewe ili kumkimbiza Canon.

Hata hivyo orodha za sifa zinaweza kudanganya, na hapa nilijikamata mimi mwenyewe nikikaribia kuwa mwanasheria wa D70. Sifa iliyotajwa sana ni kwamba inaweza kutumia flashi kwa kasi ya 1/500 ya sekunde, huku 300D ikiishia 1/200. Nikon iliweza hivyo kwa kuwa kihisi chake huwashwa na kuzimwa kwa umeme, hakitegemei shata ya mitambo peke yake. Faida yake, walisema, ni jua kali la mchana: unatumia flashi kuondoa kivuli machoni bila kulazimika kufunga sana tundu la lenzi. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. ISO ya chini kabisa ya D70 ni 200. Ya 300D ni 100. Chini ya jua kali, 300D kwa 1/200 na ISO 100 inahitaji tundu la f/11. D70 kwa 1/500 na ISO 200 inahitaji takriban f/10. Sehemu kubwa ya faida ililiwa na ISO. Inabaki faida ya kusimamisha mwendo, kwa mfano mtoto anayekimbia, lakini kwa picha ya familia iliyosimama chini ya jua la saa saba mchana, kamera hizi mbili ni karibu sawa. Mwenzake mjomba alitamba na ile 1/500 kwa miaka, na sidhani kuna mtu aliyemfanyia hesabu hiyo.

Na kuna mengine dhidi ya D70. Wakaguzi wa wakati ule walieleza kwamba kichujio kilicho mbele ya kihisi chake ni chepesi, hivyo picha zake ni kali, lakini vitambaa vyenye mistari myembamba huweza kuzaa rangi za upinde ambazo hazikuwepo kwenye nguo. Kwa upande mwingine 300D ilisifiwa kwa usafi wa picha kwenye ISO za juu, bila chembechembe nyingi. Baadaye, mwaka 2005, Nikon ilikubali hadharani kwamba baadhi ya D70 zilikuwa zikizimika na taa ya kijani kubaki ikiwaka na kuzima, ikazitengeneza bila malipo. Hayo yaingie kwenye mizani.

Sehemu ninayoiona nzito kuliko zote ni ile ya lenzi, kwa sababu hapo historia ni ndefu kuliko kamera zenyewe. Mdomo wa Nikon ambao lenzi hufungwa unaitwa F, na ulianza mwaka 1959. D70 ya 2004 ina mdomo huo huo. Canon ilifanya kinyume. Mwaka 1987 iliuacha mdomo wake wa zamani, FD, na kuanza mwingine, EF, ambao mawasiliano yote kati ya lenzi na bodi ni ya umeme na mota ya fokasi imo ndani ya lenzi. Waliokuwa na lenzi za FD waliachwa njiani siku moja. Kwa hiyo mwaka 2003 mtu aliweza kusema Nikon inaheshimu akiba ya wateja wake na Canon haina kumbukumbu.

Mjomba alianza kazi na filamu, kwa Nikon FM2 na lenzi mbili za kuzungusha kwa mkono, milimita 50 na milimita 105. Enzi hizo kila mkanda ulikuwa na picha 36 na kila picha ilikuwa na gharama ya kusafisha, kwa hiyo alijifunza kusubiri kabla ya kubonyeza. Lenzi zile ndizo zilizomsomesha mama yangu mdogo. Sasa mtu mwenye lenzi za Nikon anapokwenda kununua Canon iliyotumika, wenzake watamwuliza una akili gani? Mwenzake alimwuliza hivyo hivyo, tena mbele ya wateja: lenzi zako zinaingia kwenye kamera yangu, wewe mwenyewe umezikimbia.

Zinaingia kweli. Lakini nilifungua kitabu cha maelekezo cha D70, na kimesema wazi: ukifunga lenzi isiyo na umeme, kamera inafanya kazi kwenye hali ya M pekee, na mita ya mwanga haifanyi kazi. Unaibandika lenzi yako ya zamani, halafu kamera inakaa kimya kama kwamba haikujui. Unakisia mwanga, unapiga, unatazama, unakisia tena. Kamera za Nikon za bei ya juu zilikuwa na kijino pembeni mwa mdomo cha kusoma pete ya lenzi za zamani. D70 haikuwekewa. D200, iliyotangazwa mwishoni mwa 2005 kwa wenye pesa zaidi, iliwekewa. Kwa hiyo na Nikon ilikuwa na orodha yake ya kunyima. Tofauti ni kwamba iliiandika upande wa watu wenye vitu vya zamani.

Wiki iliyofuata nilishuka mjini nikanunua adapta, pete nyembamba ya chuma yenye mdomo wa Nikon upande mmoja na wa Canon upande wa pili. Inawezekana kwa sababu ya tofauti ya milimita mbili na nusu. Umbali kutoka mdomo hadi kihisi ni milimita 46.5 kwa Nikon na 44 kwa Canon, na pete inajaza pengo hilo. Kinyume chake hakiwezekani kirahisi, kwani hakuna nafasi. Nikafunga lenzi ya mjomba ya milimita 105 kwenye 300D yake, nikaweka hali ya Av, nikazungusha pete ya tundu kwa mkono. Kamera ikapima mwanga. Ikaonyesha kasi, nikabonyeza, na picha ikatoka na mwanga sahihi.

Hebu tulitazame hilo polepole. Kampuni iliyowatupa wateja wake wa 1987 ilitengeneza kamera ambayo, bila kukusudia, inapima mwanga kwa lenzi ya zamani ya mshindani wake. Kampuni iliyotunza mdomo mmoja tangu 1959 iliuza kamera isiyopima kwa lenzi zake yenyewe. Sababu ni ya kiufundi na ni rahisi: Canon, kwa kuwa haikutarajia lenzi yoyote isiyo ya umeme, haikuweka programu ya kuikataa, hupima tu mwanga unaoingia. Nikon ilijua lenzi hizo zipo, ikaandika kanuni juu yake. Miaka yote ile mjomba alikuwa amezifungia kabatini lenzi mbili ambazo zingefanya kazi kwenye kamera ile ile iliyokuwa shingoni mwake, kwa bei ya pete.

Kilichofuata kati ya 2005 na 2006 ndicho kinachonifanya niyakatae maelezo ya kawaida. Tarehe 17 Februari 2005 Canon ilitangaza 350D. Pikseli ziliongezeka hadi milioni 8, jambo lililoandikwa kwa herufi kubwa. Tazama lakini yaliyoandikwa kwa herufi ndogo: inawaka kwa sekunde 0.2, inapiga picha tatu kwa sekunde na kufika 14 kabla ya kusubiri, ina marekebisho ya flashi, chaguo la kupima mwanga, chaguo la fokasi, kunyanyua kioo, na ukurasa wa matakwa ya mwenyewe. Ushahidi wangu ni orodha hiyo yenyewe. Karibu kila kilichofungwa kwenye 300D kilifunguliwa baada ya mwaka mmoja na nusu, na bei ya kuanzia ilibaki dola 899. Kama Canon ingekuwa peke yake kwenye bei hiyo, isingekuwa na haraka ya kurudisha. D70 ndiyo iliyoifanya gharama ya kunyima iwe kubwa kuliko faida yake.

Nikon nayo ilijifunza kutoka kwa Canon, tena ikajifunza vizuri kupita kiasi. Mwaka 2005 ilitoa D50, ndogo na rahisi zaidi. Novemba 2006 ikatoa D40: chini ya gramu 500, dola 599 pamoja na lenzi, pikseli milioni 6 zile zile, na bila mota ya fokasi ndani ya bodi. D70 ilikuwa nayo mota hiyo. Mnunuzi wa D40 aliyekuwa na lenzi za Nikon za fokasi ya zamani alilazimika kuizungusha kwa mkono. Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu wawili hawa walibadilishana viti, yule aliyefunga akafungua na yule aliyefungua akafunga. Katikati ya kukimbizana huko wengine walianguka: Januari 2006 Konica Minolta ilitangaza kuacha kabisa biashara ya kamera na kukabidhi sehemu ya mali hiyo kwa Sony, na mwezi huo huo Nikon ikasema itaacha kutengeneza sehemu kubwa ya kamera zake za filamu.

Nilipokuwa nikiandika aya ya programu ile iliyorekebishwa, niliwasha 300D ya mjomba ili nihesabu kurasa za menyu. Zilizidi kitabu. Ulikuwepo ukurasa ambao kitabu hakiutaji kabisa, na ndani yake ISO 3200, na ndani yake marekebisho ya flashi. Mjomba aliinunua kamera hiyo ikiwa imetumika, na mtu aliyekuwa nayo kabla yake, popote alipokuwa, alikuwa ameshaipakia programu ile. Nikamwita.

"Mjomba, huu ukurasa uliwahi kuufungua?"

Akavaa miwani. "Huo niliuona zamani, mpwa wangu. Nilidhani ni wa mafundi. Nikaogopa kuharibu."

Nikamwonyesha flashi inavyopunguzwa. Aliichukua kamera, akashusha flashi hatua moja, akanipiga picha nikiwa nimesimama mbele ya pazia la picha za pasipoti, akaitazama kwenye kioo kidogo cha nyuma kwa muda mrefu. Uso wangu haukung'aa. Kile kitambaa bado kimo kwenye mfuko wa kamera, kimekunjwa mara mbili, na raba yake imekauka.

Nilimwuliza kama naweza kuyaandika haya kwenye insha. Akasema niandike, ila jina la mwenzake nisilitaje, na nikimaliza nimpelekee yule mzee nakala.